Mpangaji Akikwama Kodi, Usiuguse Mlango

Mama mmoja wa Mbagala alikuja ofisini kwetu akiwa na wito wa polisi mkononi. Mpangaji wake alikuwa anadaiwa kodi ya miezi minne, shilingi 50,000 kwa mwezi, na kila akiulizwa jibu ni "kesho". Mama akachoka. Asubuhi moja, mpangaji akiwa kazini, akaita fundi na mlango ukang'olewa. Jioni mpangaji akaenda moja kwa moja kituoni: chumbani, alisema, kulikuwa na televisheni na fedha taslimu 600,000, na vyote havionekani. Nani wa kumbishia? Mlango haupo, na aliyeung'oa anajulikana. Mama aliyekuwa akidai 200,000 akageuka mtuhumiwa wa wizi.

Kuezua bati, kukata umeme, kubadilisha kufuli, kushikilia vyombo: wenye nyumba wengi wanaamini wana haki ya kufanya hivyo kwa kuwa nyumba ni yao. Kanuni ya Adhabu, yaani sheria ya makosa ya jinai ya Tanzania, haisemi hivyo. Kuingia mahali kwa mabavu ili upachukue ni jinai, hata kama una haki ya kuingia hapo. Ninawaelewa wanaofikia hatua hiyo. Wengi tunaowahudumia si matajiri. Kodi ya vyumba viwili ndiyo ada ya watoto na ndiyo dawa ya presha. Ndiyo maana nataka waidai kwa njia itakayowarudishia fedha zao.

Mara nyingi deni huanza siku mkataba unapoisha. Tumezoea kupokea kodi ya miezi mitatu, sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Muda ukiisha, mpangaji anasema "nivumilie kidogo", mwenye nyumba anaona haya, na miezi inakatika. Mkumbushe mwezi mmoja kabla. Akichelewa, kaeni chini wiki ile ile ya kwanza, umuulize kilichomsibu. Aliyeachishwa kazi juzi anahitaji mpango wa malipo. Anayekukwepa kwa kupita uchochoroni anahitaji barua.

Mpango wenyewe uandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: "Nadaiwa 200,000, kodi ya Februari hadi Mei. Kila tarehe 5 nitalipa 70,000: 50,000 ya mwezi husika na 20,000 ya deni." Kwa hesabu hiyo deni linaisha ndani ya miezi kumi. Wote wawili wasaini mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Akilipa kwa simu, hifadhi ujumbe wa muamala. Akilipa mkononi, mpe risiti.

Asipotimiza, mpe notisi ya maandishi, ukitaja kiasi, miezi na tarehe ya mwisho. Kwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi, notisi ya kuondoka isipungue mwezi mmoja. Baki na nakala yenye saini yake, au ya shahidi iwapo amekataa kupokea.

Akikaidi, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hili linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, shauri linafunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo ndipo mkataba unapohitajika, na uwe umelipiwa ushuru wa stempu, yaani tozo ya serikali kwa hati kama mikataba, kwani usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi. Watu wanauona ushuru huo kama gharama ya bure mpaka siku ya shauri. Ukishinda, dalali wa baraza, yaani mtekelezaji wa amri zake, ndiye anayemtoa mpangaji, siyo wewe na vijana wa mtaani.

Na mpangaji akitoroka akaacha kufuli mlangoni? Usilivunje peke yako, hata ukiwa na mteja mpya anayesubiri. Toa taarifa serikali ya mtaa na uombe amri ya baraza. Siku ya kufungua, kila kitu kiorodheshwe mbele ya mashahidi, tangu godoro hadi vijiko, na orodha isainiwe kabla ya chochote kutolewa nje.