Viputo vya sufuriani si maji kuchemka

Nimeambiwa tena, safari hii Kirumba, hapa Mwanza: "Mwalimu, zima jiko, maji yameshachemka, si unaona viputo?" Maji ya ziwa hayo, ya mtoto kunywa. Hayajachemka! Viputo vinavyoganda kwenye kuta za sufuria ni hewa iliyoyeyuka majini. Maji yakipata joto hushindwa kuibeba yote. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzi 96. Subiri yatokote sufuria nzima, kisha yaache dakika moja zaidi.

Kinachonikera zaidi ni wale wanaosema viputo huzaliwa popote majini, halafu vinajibandika ukutani. Tazameni vizuri: mkwaruzo uleule hutoa kiputo baada ya kiputo. Katikati ya maji, mvutano wa uso, yaani ule unaofanya uso wa maji ujivute kama ngozi nyembamba, hukibana kiputo, na kadiri kilivyo kidogo ndivyo kinavyobanwa zaidi. Chenye nusu kipenyo cha nanometa 100 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita) hubeba mgandamizo wa ziada wa angahewa kama 14, yaani mara 14 ya mgandamizo wa kawaida wa hewa. Kufumba na kufumbua, gesi yake imekamuliwa kurudi majini. Ndiyo maana viputo huanzia penye gesi tayari, ndani ya mikwaruzo ambako hewa ilinaswa ulipomimina maji.

Sasa, mwaka 2000 hadubini zinazopapasa uso kwa ncha nyembamba zilionyesha viputo vya kimo cha makumi ya nanometa tu, vimekaa juu ya vitu vilivyozama majini. Kwa hesabu ile vingepaswa kufa papo hapo, lakini vingine hudumu siku kadhaa. Maelezo ninayoyakubali ni kwamba ukingo wa kiputo umenaswa: gesi ikipungua, upana haupungui, kiputo kinazidi kuwa bapa, na mgandamizo wake unashuka badala ya kupanda.

Vitabu huishia hapo. Mimi bado nina mashaka. Maelezo hayo yanadai maji yawe na gesi zaidi ya yanavyoweza kuibeba, ilhali wapo walioviona vikidumu hata kwenye maji yaliyopunguzwa gesi. Tena baadhi ya "viputo" vilivyopigwa picha vilikuja kubainika kuwa matone ya mafuta ya silikoni yaliyotoka kwenye mabomba ya sindano, na kwenye picha huwezi kuyatofautisha na viputo halisi. Kwa hiyo mtu akiniletea picha ya viputo visivyokufa, kabla ya hesabu zake namuuliza alitumia sindano gani.