“Bei zinajivuta zenyewe”: dhana potofu kwa wanaoweka hesabu za uwekezaji kwenye faili la maandishi

“Nimeshaweka skripti, bei zinajivuta zenyewe, hesabu ziko sawa.” Karibu kila mteja hapa Mbeya mwenye vipande vya UTT (mfuko wa uwekezaji wa pamoja) na hisa kidogo za benki ya CRDB anasema hivyo. Ukifungua faili lake la bei, ambalo skripti (programu fupi) inatakiwa kuliandikia bei kutoka mtandaoni, mstari wa mwisho ni wa miezi minne nyuma.

Skripti kujiendesha hakuthibitishi kwamba bei ni sahihi. Ukiiomba hledger, programu ya hesabu inayosoma faili la maandishi, thamani ya tarehe 30 Juni, inatafuta bei ya siku hiyo. Isipoikuta inarudi nyuma hadi bei ya karibuni iliyoandikwa. Kama ni ya Februari, unapewa thamani ya Februari kwenye ripoti ya Juni, bila onyo lolote. Ledger na Beancount, programu za aina hiyohiyo, nazo ni hivyohivyo.

Mara nyingi tatizo ni cron, kipangaji cha kuendesha programu kwa saa maalum kwenye Linux. Haitumii PATH (orodha ya folda za kutafutia programu) uliyozoea, kwa hiyo programu uliyoweka kwa pip (kisakinishi cha Python) ikakaa ~/.local/bin inakubali ukiiita mwenyewe, lakini cron haiioni. Andika njia yake kamili. Tena, umeme ukikatika Uyole saa 2 usiku, zamu ya saa 2 imepotea na cron hairudii. Tumia anacron, au systemd timer yenye Persistent=true; kompyuta ikiwaka, zamu iliyokosekana inaendeshwa.

Halafu kuna ukurasa wenyewe wa tovuti ambako skripti inasoma bei. Kwa vipande utakuta thamani halisi ya kipande, bei ya kuuza (mfuko unapokuuzia wewe) na bei ya kununua tena (mfuko unaponunua kutoka kwako). Safu zikihamishwa, skripti inachukua tarakimu ya jirani. Mimi nasisitiza bei ya kununua tena, maana ndiyo utakayolipwa ukiuza. Angalia na koma: bei ikiwa 1,245.60 na skripti ikakata kwenye koma, inaandika 1. Akiba ya shilingi milioni 2 inasomeka kama shilingi 1,606 hivi.

Kwa hiyo skripti iondoe koma, ihakikishe imepata tarakimu, kisha ilinganishe na bei iliyotangulia. Tofauti ikizidi asilimia 10, isiandike kitu, ikuite wewe uamue, kwa sababu hisa zikigawanywa bei inaweza kushuka ghafla kihalali. Itumie tarehe ya bei iliyo kwenye ukurasa, isiwe ya leo. La sivyo Jumapili itapata bei wakati soko limefungwa. Mstari uongezwe mwishoni mwa faili bila kufuta ya zamani, mfano kwa hledger na Ledger:

P 2025-06-30 VIPANDE 1245.60 TZS

Mwisho, ichapishe umri wa bei ya karibuni ya kila mali. Ukizidi siku 7 unapoandaa ripoti, itoe onyo. Hiki ndicho kipimo ambacho watu wanakiruka, na ndicho kingewaokoa.

“Lazima nivute bei kila siku.” Hapana. Mwalimu wa Iringa anayeangalia akiba kila mwisho wa mwezi anahitaji mistari 12 kwa mwaka kwa kila mali.

“bean-price inajua bei zote.” Vyanzo ambavyo programu hii ya kuvutia bei za Beancount inakuja navyo ni kama Yahoo na viwango vya Benki Kuu ya Ulaya. Vipande vya UTT havimo. Utaandika chanzo chako kwa Python: darasa linaloitwa Source, lenye get_latest_price na get_historical_price. Kama Python bado inakusumbua, andika bei kwa mkono mara moja kwa mwezi. Dakika mbili tu.

“Jina lolote litakubalika.” crdb na CRDB ni mali mbili tofauti kwa hledger na Ledger. Ukichanganya, ripoti inabaki na idadi ya hisa badala ya shilingi.

“Bei ikipanda niandike mapato.” Usiandike. Mstari wa bei hautakiwi kugusa miamala. Ongezeko unaliona ukiongeza -V kwenye amri ya hledger, na faida unaiandika siku ya kuuza, ukitoa gharama ya kununulia. Ukiliandika kila mwezi halafu ukaomba -V, ongezeko lilelile linahesabiwa mara mbili. Anza kwa kuifuta miamala hiyo yote, kisha endesha ripoti upya.