Tiba ya akili isiyo ya vidonge: maana yake na mipaka yake

Mtu akiambiwa ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, mara nyingi huuliza, "Daktari, nitameza dawa mpaka lini?" Halafu anauliza kama hakuna njia nyingine. Ipo, tena si moja.

Tiba isiyo ya vidonge ni tiba yoyote iliyofanyiwa utafiti ikaonekana inasaidia, bila dawa ya kumeza au ya kuchoma kuwa ndiyo inayotibu. Ina kipimo, ina muda wake, inatolewa na mtu aliyefundishwa, na baadhi zina madhara. Kwa hiyo chupa ya mitishamba inayouzwa stendi haimo humu. Hiyo nayo ni dawa ya kumeza, tofauti ni kwamba hakuna anayekuambia ndani kuna nini.

Tuanze na uchangamshaji wa ubongo. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo na kwa kemikali. Vidonge hupitia upande wa kemikali, uchangamshaji hupitia upande wa umeme.

Wa zamani zaidi ni ule wa mshtuko wa umeme, ulioanzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini. Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi kwanza na kupewa dawa ya kulegeza misuli, kisha umeme wa sekunde chache huleta degedege fupi kwenye ubongo. Kwa kawaida hurudiwa mara 6 hadi 12. Unawafaa walio katika hali mbaya kabisa: aliyekataa kula, aliyeganda hasemi wala kujigeuza, anayetaka kujiua. Tatizo lake kubwa ni kusahau, hasa mambo ya siku zilizo karibu na matibabu. Wanaouogopa wana haki, kwa sababu zamani watu walipigwa umeme wakiwa macho. Shirika la Afya Duniani linapinga kufanya hivyo.

Aina ya pili hutumia sumaku. Anthony Barker na wenzake walionyesha mashine yake Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, na Marekani iliiruhusu kwa tiba ya sonona mwaka 2008. Mgonjwa hukaa kwenye kiti akiwa macho, koili, yaani waya uliozungushwa, inawekwa juu ya kichwa, inagonga ta-ta-ta, na ngozi ya kichwa inachezacheza. Wengine huumwa kichwa kidogo. Mwenye chuma ndani ya kichwa hawekewi, na mwenye kifafa hupimwa kwa uangalifu mkubwa kabla ya kuamua.

Sasa piga hesabu. Tiba hiyo ya sumaku huchukua kama dakika 20 hadi 40, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita. Hata mashine ikiwekwa katikati ya jiji la Mwanza, mvuvi wa Ukerewe atavuka ziwa mara ngapi, na nyavu atamwachia nani? Ndiyo maana naona habari za mashine hupewa nafasi kubwa kuliko inavyostahili, huku tiba tunayoweza kuimudu ikisahaulika.

Tiba hiyo ni mazungumzo. Ng'ambo ya magharibi ya ziwa letu la Victoria, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, watafiti waliunda vikundi vya wanavijiji wenye sonona. Walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji wasio madaktari waliofundishwa kwa wiki mbili. Walizungumza kuhusu misiba, ugomvi wa nyumbani na maisha yaliyogeuka ghafla. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliokuwa na sonona kali katika vikundi walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, huku upande usiopata tiba wakishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Hapakuwa na mashine wala kidonge.

Kuna pia tiba ya kurudisha shughuli. Mchukulie mama muuza dagaa pale Kirumba, Mwanza, aliyeacha kwenda mwaloni, sokoni kwa samaki, anashinda kitandani mlango umefungwa. Mshauri hamwambii "jikaze". Wanapanga pamoja kitu kimoja kidogo: kesho saa mbili asubuhi aende kwa jirani, akae naye nusu saa. Akiweza, kinaongezwa kingine, mpaka siku anarudi kwenye vichanja kugeuza dagaa. Shughuli hutangulia, hamu hufuata. Mazoezi ya mwili nayo husaidia sonona isiyo kali.

Mpaka wa mambo haya ni muhimu. Kwa mwenye skizofrenia, yaani ugonjwa wa kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo, au anayepanda na kushuka kati ya furaha kupita kiasi na huzuni nzito, dawa ndizo nguzo na mazungumzo huongezwa juu yake. Tafadhali usimwachishe ndugu yako vidonge ghafla kwa sababu umesoma kuna njia mbadala. Ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Mpelekeni kituo cha afya mwombe rufaa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ina madaktari wa magonjwa ya akili, na swali la kupunguza dawa au kuongeza mazungumzo waulizwe wao, mgonjwa mwenyewe akiwepo na akisikilizwa.