Kumbukumbu Haikai Ghala Moja

Dhana: Aliyepoteza kumbukumbu hajui hata jina lake.

Hayo ni ya kwenye tamthilia. Mara nyingi jina lake analijua, na ya utotoni anayasimulia vizuri. Kinachomshinda ni kukumbuka kwamba mlisalimiana dakika tano zilizopita. Mwaka 1953, Mmarekani Henry Molaison, mwenye umri wa miaka 27, alipasuliwa kichwa kutibu kifafa. Aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo la ndani ya ubongo linalosaidia kuhifadhi mambo mapya, pande zote mbili. Kifafa kilipungua, ila tangu hapo hadi alipofariki mwaka 2008, karibu kila jambo jipya lilimpita.

Dhana: Basi hawezi kujifunza chochote.

Hapa ndipo penye utamu. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa Henry picha ya nyota, aifuatishe kwa penseli huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Jaribu uone: unataka kwenda kulia, mkono unakataa. Siku ya kwanza alikoroga. Siku ya tatu alichora safi, huku akiapa hajawahi kuiona kazi ile. Ujuzi wa mikono una njia zake nyingine ubongoni.

Dhana: Pigo la pili kichwani hurudisha kumbukumbu.

Linaongeza jeraha, basi.

Dhana: Hipokampasi ikiwa nzima, kumbukumbu iko salama.

Hili huwaponyoka hata wasomi. Hipokampasi haifanyi kazi peke yake: hutoa fungu la nyuzi liitwalo forniksi, linaloshuka hadi kwenye vinundu viwili vidogo chini ya ubongo, na kutoka hapo habari hupanda hadi thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopitisha habari. Njia ikikatika katikati, mtu anaweza kusahau kama Henry wakati hipokampasi yake haijaguswa.

Mfano ni ugonjwa wa Korsakoff. Ukosefu mkali wa vitamini B1, hasa kwa walevi wa miaka mingi lakini hata kwa anayetapika wiki kwa wiki, huharibu vile vinundu na thalamasi. Muulize mgonjwa amefanya nini asubuhi: atakwambia ametoka kazini sasa hivi, naye yuko kitandani wodini, mpira wa dripu mkononi. Wengi humwita mwongo. Si mwongo; ubongo umeziba pengo na yeye mwenyewe anaamini. Yakishakomaa, madhara hayo mara nyingi hayafutiki, ndiyo maana daktari akishuku tu upungufu huo hudunga B1 papo hapo, bila kungoja majibu ya maabara.