Baridi ya Mbeya haiui viwavijeshi, na mengine tunayoambiana kuhusu wadudu wa shambani

Wakulima wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe, hebu tuliweke sawa hili la wadudu na joto maana kila msimu tunaambiana vitu vinavyotugharimu mahindi na nyanya.

"Huku kwetu baridi, wadudu hawatusumbui." Hili ndo linaniuma zaidi. Baridi yetu haimuui mdudu, inamchelewesha tu. Mdudu hana joto lake mwenyewe mwilini, anategemea la hewa, likipanda anakula sana, anakua haraka na anazaa mapema. Mchukue kantangaze, yule anayetoboa nyanya na kuchora mistari myeupe kwenye majani: kwenye nyuzijoto 14 anachukua kama siku 76 toka yai mpaka nondo, kwenye nyuzijoto 27 ni siku 24 tu. Sasa mkulima wa Ilula, kule Iringa, nyanya zake zinakaa shambani miezi mitatu na zaidi, kukiwa na baridi anapambana na kizazi kimoja, joto likipanda anakutana na vitatu mpaka vinne, na jike moja linaweza kutaga mayai zaidi ya 200. Piga hesabu mwenyewe.

Ndo maana ukisikia mtu anasema "digrii moja tu ina shida gani" mwambie asifananishe na mtu anayevua sweta. Mwaka 2018 jarida la Science lilitoa utafiti unaokadiria kwamba kila dunia ikiongezeka joto kwa digrii moja, hasara ya mahindi, mpunga na ngano inayotokana na wadudu inaongezeka kwa asilimia 10 mpaka 25, na yanayoumia zaidi ni maeneo ya baridi, sababu kwenye joto tayari mdudu yuko karibu na kikomo chake. Kule bonde la Usangu tayari kuna joto, ila milimani Uporoto na Makete bado kuna nafasi kubwa ya kupanda, na mdudu anapanda nalo.

Kuna wanaosema viwavijeshi vamizi wamekuja na mbegu za kisasa, wengine mbolea. Si kweli. Asili yake ni bara la Amerika, Afrika alionekana 2016, kwetu 2017, na nondo wake anaruka usiku akisaidiwa na upepo mamia ya kilomita. Wala tusiyasingizie mabadiliko ya tabianchi kwamba ndo yamemleta, yenyewe yanampa mahali pazuri pa kuishi akishafika. Ukimkuta kwenye moyo wa mhindi, yale majani machanga ya katikati, mwangalie usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa na karibu na mkia madoa manne meusi yamekaa mraba.

"Kiangazi anakufa, tutaanza upya." Kiwavijeshi hana usingizi wa kiangazi, anahitaji chakula kibichi mwaka mzima na sisi tunampa, vinyungu vyetu, yale mashamba ya kiangazi mabondeni, vina mahindi ya kuchoma Agosti, Septemba, Oktoba, kwa hiyo mvua za kwanza zikinyesha mlimani nondo tayari wako bondeni wanasubiri. Sisemi tuache vinyungu, watoto wanasoma kwa hela hiyo, ila navyo vikaguliwe.

Mvua kubwa kuleta viwavi? Mara nyingi kinyume, inawazamisha wale wadogo na kuosha vidukari. Kinachotuumiza ni ukame wa katikati ya msimu, mmea unadhoofika na hakuna cha kuwaosha.

Halafu hili la "ongeza dozi." Vizazi vikiwa vingi kwa msimu na dawa ni ileile kila wiki, wanaobaki ni wale sugu na ndo wanaozaa, huku umeshaua siafu, mavu na vile vinyigu vidogo vinavyotaga ndani ya mayai ya viwavi. Na kiwavi akishakua akajiziba na kinyesi chake ndani ya moyo wa mhindi, dawa haimfikii hata upige bomba zima. Kwa hiyo pita shambani mara mbili kwa wiki toka mahindi yanachomoza, angalia majani yenye madoa yanayopitisha mwanga, geuza jani utafute mafungu ya mayai yaliyofunikwa manyoya, yaminye kwa vidole hapohapo, dawa iwe ya mwisho na upige jioni.