Soketi ya uchunguzi ikikosa umeme, usiiamini multimita peke yake

Gari liliingia kwangu taa ya injini ikiwaka, pamoja na hadithi ndefu. Mafundi wawili walikuwa wamejaribu kulisoma kwa skana, kile kifaa kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ili kusoma makosa ya gari, nazo zikagoma hata kuwaka. Mmoja alibadilisha fyuzi akaishia hapo. Mwingine alimwambia mwenye gari kwamba kompyuta ya injini imekufa, ajiandae kununua nyingine.

Hilo la pili lilinikera kidogo. Kompyuta ya injini haiipi soketi umeme. Umeme wa soketi unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unafika pini namba 16, na kurudi kupitia ethi, yaani bodi ya chuma iliyounganishwa na hasi ya betri. Kompyuta inaweza kuwa imekufa kabisa na skana bado ikawaka. Itakachokosa ni mtu wa kuzungumza naye. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: skana haiwaki, au inawaka lakini haipati mawasiliano? Ni magonjwa mawili tofauti. Na hapa kuna mtego: skana nyingi kubwa zina betri yake ndani, kwa hiyo kuwaka kwa skrini si ushahidi kwamba soketi ina umeme. Vile vidude vidogo vya bluetooth, ambavyo mafundi wakubwa huvidharau, ni mashahidi wazuri zaidi kwa hili, maana havina pa kupata umeme ila kwenye gari.

Soketi yenyewe iko chini ya dashibodi, upande wa dereva. Ina nafasi 16 za pini, na mpangilio wake ni uleule karibu kwa kila gari dogo la kisasa. Marekani waliulazimisha kuanzia magari ya modeli ya 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Itazame uso kwa uso, upande mpana ukiwa juu. Safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. Kwa kazi ya leo tunazihitaji tatu tu. Pini 16, ile ya mwisho kulia chini, ni chanya ya betri na inapaswa kuwa na umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Pini 4 ni ethi ya bodi, na 5 ni ethi ya mawimbi.

Nikapima 16 na 4. Multimita ikaniambia volti 12.4. Safi kabisa! Nikaona basi skana yangu ndiyo mbovu, nikachukua nyingine. Kimya. Nilipoteza karibu nusu saa nikiwa na imani na ile 12.4, na mimi si mgeni wa kazi hii.

Multimita ya kidijitali ina ukinzani wa ndani wa karibu omu milioni 10. Maana yake inavuta umeme mdogo sana, kama sehemu moja na ushei ya milioni ya ampea, kiasi ambacho kinaweza kupita hata kwenye unyuzi mmoja wa shaba uliobaki, au kwenye kutu. Chukulia kiungo chako kina ukinzani wa omu 1,000 kwa sababu ya kutu. Multimita itapoteza hapo kama sehemu moja ya elfu ya volti, nawe hutaona kitu. Lakini weka kifaa kinachohitaji kula umeme wa kweli, na volti karibu zote zitaishia kwenye ile kutu. Skana itabakiwa na makombo.

Ndiyo maana sasa sipimi soketi bila mzigo. Nina balbu ya wati 5, ya zile za taa ndogo, yenye nyaya mbili. Inakula karibu ampea 0.4, jirani na kile inachokula skana. Naiunga kati ya 16 na 4 huku multimita ikiwa palepale. Kwenye gari lile balbu haikutoa hata mng'ao, na 12.4 yangu ikaporomoka hadi chini ya volti moja. Hapo nikaacha kuilaumu skana.

Hatua inayofuata ni kujua upande gani una ugonjwa. Acha waya mmoja wa balbu kwenye 16, wa pili upeleke kwenye bolti safi ya bodi. Ikiwaka vizuri, chanya ni nzima, tatizo ni ethi. Isipowaka, geuza: balbu kutoka chanya ya betri hadi pini 4. Ikiwaka hapo, ethi haina kosa, rudi kwenye fyuzi. Pini 5 siipimi kwa balbu, maana waya wake ni wa mawimbi na sipendi kuulazimisha kubeba mzigo. Naipima kwa multimita skana ikiwa imechomekwa. Wala usiguse 6 na 14 kwa balbu. Hizo ni nyaya za mawasiliano.

Neno kuhusu kugusa pini. Usisukumize ncha nene ya multimita ndani ya soketi. Vile vibati vya ndani vinatanuka, havirudi, na kesho skana itawaka ukiikandamiza na kuzima ukiiachia. Nusu ya soketi zilizolegea ninazokutana nazo zimeharibiwa na fundi aliyekuja kuzitengeneza. Nilinunua kebo ya kurefusha soketi, nikaikata katikati, nikaandika namba kwenye kila waya. Nachomeka hiyo, napimia nje.

Ikiwa ni upande wa chanya, kwanza jaribu soketi ya kuwashia sigara. Kwenye magari mengi vitu hivi viwili vinatumia fyuzi moja, na ndiyo maana sarafu iliyotumbukia huko, au chaja mbovu ya simu, inaua skana. Usiiamini fyuzi kwa kuitazama. Ufa mwembamba hauonekani. Bana waya mmoja wa balbu kwenye ethi, wa pili gusisha vile vichwa viwili vidogo vya chuma mgongoni mwa fyuzi. Ikiwaka kwenye kimoja tu, fyuzi imekatika. Isipowaka popote, umeme haufiki hata kwenye fyuzi, na unatafuta mbali zaidi.

Fyuzi mpya ikikatika tena mara moja, kuna shoti, na kuzichoma moja baada ya nyingine ni ujinga. Mimi huweka balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi. Shoti ikiwepo, balbu inawaka kwa nguvu zote na nyaya ziko salama, kwa kuwa balbu yenyewe inazuia umeme kupita kiasi. Kisha natikisa nyaya, nachomoa kitu kimojakimoja, huku jicho likiwa kwenye balbu. Inapofifia, umekaribia. Huwa naanza na vilivyoongezwa baadaye: redio, alamu, na hasa vifaa vya kufuatilia gari, maana wafungaji wake wanaipenda mno pini 16 na vile vibanio vyao vinavyong'ata waya bila kuuchuna. Vinang'ata vizuri siku ya kwanza. Baada ya miezi kadhaa ya mtikisiko, vinaukata.

Na skana ikipata umeme lakini isipate mawasiliano? Huo ni mjadala mwingine, ila kipimo kimoja ni cha haraka: vua betri, pima omu kati ya 6 na 14. Magari mengi yanayotumia laini hizo yatakupa karibu omu 60, kwa kuwa kuna vikinzani viwili vya 120, kimoja kila mwisho. Ukipata 120, upande mmoja umekatika.

Turudi kwenye gari letu. Balbu kati ya 16 na bodi iliwaka kama kawaida, kwa hiyo ilikuwa ethi. Niliufuata waya wa pini 4 hadi chini ya kapeti, pembeni mwa mguu wa dereva, ambako ulifungwa kwa bolti moja na nyaya nyingine mbili. Kapeti ilikuwa na maji. Mfereji wa chini ya kioo cha mbele ulikuwa umeziba kwa majani, maji yakawa yanashuka polepole ndani, na ile pete ya waya ilikuwa unga wa kijani. Nilikata, nikafunga pete mpya, nikasugua bodi hadi chuma kikang'aa, nikapaka grisi juu. Balbu ikawaka. Kati ya pini 4 na hasi ya betri, balbu ikila, nilisoma volti 0.03.

Kabla ya kurudisha kapeti nilichungulia kwenye kisanduku cha fyuzi. Ile fyuzi aliyoibadilisha mwenzangu ilikuwa ya njano, ampea 20. Kifuniko kilisema 10. Nikaichomoa, nikaweka nyekundu.