Volti kushuka chini ya mzigo: maana yake, na wapi pa kugusisha mita

Simu moja ikiwa kwenye chaji, mita inasoma volti 4.92. Zikifika sita, mita ileile kwenye poti ileile ya USB inasoma 4.5, na simu nyingine zinakataa kabisa kuchaji. Mwenye kibanda, mzee mmoja wa Mpunguzi, hapa Dodoma, anayechajia watu simu kwa sola, alinijia na hukumu tayari mkononi: "Mwanangu, hii stepu dauni uliyonipa ni mbovu."

Hicho alichokiona ndicho mafundi tunakiita kushuka kwa volti chini ya mzigo. Mzigo ni chochote kinachokula umeme: simu, taa, redio, rauta ya intaneti. Konvata ya kushusha volti, yaani hiyo stepu dauni, inaweza kuonyesha volti sahihi kabisa ikiwa haijaungwa kitu, halafu ikabebeshwa na kulegea. Ndiyo maana kipimo cha bila mzigo hakinishawishi. Punda wote wa Dodoma wanaonekana wana nguvu kabla hawajafungwa madumu ya maji.

Lakini kusema "volti imeshuka" hakutoshi. Imeshukia wapi? Kabla ya kuingia kwenye konvata, ndani yake, au baada ya kutoka? Kwa mzee niliacha simu zote sita zikiwa zimechomekwa, nikagusisha mita kwenye pini za kutokea za konvata yenyewe. Volti 5.0. Konvata haikuwa na kosa lolote. Nusu volti ilikuwa inaliwa na waya.

Waya wake ulikuwa mwembamba, wa milimita za mraba 0.5, na kutoka kwenye konvata hadi kwenye poti palikuwa na mita mbili na nusu. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu ni mita tano. Waya wa shaba wa unene huo una ukinzani, yaani kuuzuia umeme, wa omu 0.034 hivi kwa kila mita. Mita tano ni omu 0.17. Simu sita zilikuwa zinavuta mkondo wa kama amp 3. Zidisha: volti 0.5 na kidogo. Simu moja ikivuta nusu amp, waya huohuo unakula chini ya volti 0.1, na hakuna anayegundua.

Kwa nini konvata haikufidia? Kwa sababu jicho lake liko kwenye pini zake. Ndani mna rezista mbili, vijipande vya kuzuia mkondo, zinazoipelekea chipu sehemu ya volti inayotoka, na chipu inarekebisha hadi pale pawe sawa. Yanayotokea mita mbili mbele haiyaoni. Wengi hapa hukimbilia kile kiskrubu cha shaba cha kurekebishia volti, juu ya kiboksi cha bluu, wanakizungusha hadi poti isome 5 simu zote zikiwa zimechomekwa. Usifanye hivyo. Jioni watu wakichukua simu zao, ile ya mwisho itabaki inapokea karibu 5.5, wakati USB 2.0 ya asili ilipangiwa kati ya 4.75 na 5.25.

Dawa ilikuwa kuhamisha konvata. Tuliifunga jirani na poti, ule waya mrefu ukabeba volti 12 za betri badala ya 5. Nguvu ya wati 15 (volti 5 mara amp 3) kwenye volti 12 inahitaji kama amp 1.5 tu, hata ukiweka na upotevu wa konvata, hivyo waya unakula kidogo. Na hicho kidogo kikiliwa upande wa kuingia, konvata inakifidia yenyewe.

Inakifidia, mradi kuna nafasi. Hapa ndipo kesi ya pili inapoingia, na kwangu ndiyo inayoleta watu wengi zaidi. Konvata ya kushusha ni swichi inayofunga (inapitisha umeme) na kufungua (inaukata) haraka mno. Chipu ya LM2596 iliyojaa madukani hufanya hivyo mara 150,000 kwa sekunde. Koili na kapasita vinalainisha yale mapigo yawe umeme tulivu. Kupata 5 kutoka 12, swichi inakuwa imefunga asilimia 42 hivi ya muda. Volti ya kuingia ikipungua, inafunga kwa muda mrefu zaidi. Ikifika asilimia 100 imemaliza uwezo wake. Haina cha kuongeza. Juu ya hapo swichi ya LM2596 nayo inakula zaidi ya volti moja ikiwa imebeba amp 3. Sasa mtu wa Ihumwa anachukua betri ya volti 12, anaweka stepu dauni, anairekebisha itoe volti 12 kwa ajili ya rauta. Mchana sola inachaji, betri iko 14, kila kitu safi. Usiku betri iko 12 na kidogo, rauta inapokea 11 au chini yake, inazima na kuwaka. Kubadilisha konvata mara tatu hakutasaidia. Anahitaji ile aina inayoweza kupandisha na kushusha.

Kwa hiyo pima na pini za kuingilia pia, mzigo ukiwa umeungwa. Betri iliyochoka husoma 12.6 ikiwa peke yake na kuanguka hadi 10 ikibebeshwa mzigo.

Ikiwa pini za kuingilia ziko sawa na za kutokea zimeshuka, basi hapo ni konvata yenyewe, na dalili zinatofautiana. Volti ikianza vizuri, kisha baada ya dakika kadhaa ikawa inakata na kurudi, kukata na kurudi, chipu inajizima kwa joto. Oktoba ya Dodoma, ndani ya kiboksi cha plastiki kisicho na tundu, chini ya bati, sioni ajabu. LM2596 imeandikiwa amp 3, lakini mimi siivushi amp 2 kwa muda mrefu bila kipoza joto cha alumini, na vumbi nalipuliza kila nikifungua.

Ikishuka papo hapo mara tu mzigo unapovuka kiwango fulani, iwe baridi au moto, ama chipu imefika kikomo chake cha amp, ama koili imeshiba. Koili hutunza nishati kwenye kiini chake cha sumaku, na kiini kina ujazo. Kikishajaa, koili inageuka kuwa kama kipande cha waya tu: mkondo unaruka ghafla, chipu inashtuka na kukata kila pigo kabla halijamaliza kazi. Bodi za bei ya chini mara nyingi zina koili ndogo kuliko maandishi ya tangazo. Kapasita iliyovimba kichwa nayo huleta ugonjwa unaofanana, na mita ya kawaida haiuonyeshi vizuri kwa sababu inasoma wastani. Mimi nalehemu kapasita nzima sambamba na ile ya zamani. Volti ikitulia, nimepata jibu.

Kwa mzigo wa kujaribia, usitumie simu ya mteja. Rezista mbili za omu 4.7, wati 10 kila moja, zikiungwa sambamba kwenye volti 5 zinavuta kama amp 2.1. Zinachoma vidole, ziweke juu ya tofali. Kwa volti 12 wengine hutumia balbu ya taa ya mbele ya gari ya wati 55, amp 4.6 hivi, kwa hiyo iwe konvata ya amp 5 au zaidi. Ila balbu ikiwa baridi huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko huo kwa kitambo kidogo, na hata konvata isiyo na kosa inaweza kukataa kuanza. Washa konvata kwanza, subiri, ndipo uguse waya wa balbu. Ikikataa hata hivyo, rudi kwenye rezista kabla hujaitupa.